Ficha jina ukitaka, lakini usifiche utu

"Admin, ficha ID yangu tafadhali." Ukiwa kwenye grupu lolote kubwa la Facebook hapa Kenya, liwe la kina mama wa mtaa, la wapangaji ama la watu wanaosaka kazi, umeisoma sentensi hii mara nyingi. Baada yake huja hadithi ndefu: mume anayepiga, bosi anayeshikashika wafanyakazi, ugonjwa ambao mtu hajamwambia hata mamake. Kisha majibu yanaanza kumiminika. Kuna wanaomshauri dada wa watu kwa moyo safi. Na kuna wale wa, "Kama ni ukweli, mbona unajificha?"

Swali hilo ndilo tunataka kulijibu leo, maana limetoka kwenye magrupu likaingia siasani. Kila mara wakubwa wanapobanwa mitandaoni, hukosi kumsikia mmoja wao akidai kwamba kila akaunti ifungwe kwa kitambulisho, kila mtu aandike kwa jina alilopewa na wazazi, na eti adabu itarudi yenyewe. Si wanasiasa pekee wanaosema hivyo. Wapo vijana wengi, hasa waliowahi kuraruliwa na akaunti zisizo na sura, wanaoona wazo hilo liko sawa. Hatuwalaumu. Lakini msimamo wetu ni huu: dawa hiyo haitibu ugonjwa unaosemwa, na madhara yake yanaweza kukuua wewe kabla hayajamgusa anayekutusi.

Lakabu ni za kale

Kuandika kwa jina lisilo la kitambulisho hakukuletwa na simu. Kiswahili chenyewe kina neno lake: lakabu. Kurasa za mashairi katika magazeti ya Kiswahili zimewalea malenga wanaojulikana zaidi kwa lakabu kuliko kwa majina ya nyumbani, na wasomaji huwafuata kwa miaka, wakijua sauti zao, ubishi wao na hata vituko vyao. Ahmad Nassir wa Mombasa, wengi walimjua kama Malenga wa Mvita. Lakabu haimfanyi malenga kuwa mwongo. Humpa jina la pili la kulinda, na akilichafua kwa utungo mbovu, ni lake.

Ng'ambo nako ni vivyo hivyo. Mwaka wa 1787 na 1788, Wamarekani walipokuwa wakibishania katiba yao mpya, makala 85 yaliandikwa kwa jina moja la kupanga, Publius. Nyuma yake walikuwa watu watatu: Alexander Hamilton, James Madison na John Jay. Walitaka msomaji apime hoja kwanza kabla hajaanza kupima sura ya aliyeitoa.

Hapa nyumbani jina lilikuwa na bei kubwa zaidi. Mwaka wa 1968 kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi kilichouliza swali, Kenya: Twendapi? Kwa swali hilo alifungwa miaka 3, kuanzia 1969 hadi 1972. Katika miaka ya 80, watu walikamatwa na kuteswa katika jumba la Nyayo House kwa kushukiwa tu kwamba wana uhusiano na Mwakenya na vijikaratasi vyake vya siri. Waulize wazazi wako kwa nini walikuwa wakishusha sauti kwenye matatu mazungumzo yalipogeukia siasa. Watakwambia kuta zilikuwa na masikio.

Bei ya kuonekana leo

Utasema hayo ni ya zamani. Basi tuje kwa kizazi chetu.

Desemba 2024, vijana kadhaa waliokuwa wakisambaza michoro na picha za kumkejeli Rais mitandaoni walitekwa nyara na watu wasiojulikana. Kati yao alikuwa mchoraji Gideon Kibet, anayefahamika kama Kibet Bull. Waliachiliwa Januari 2025 baada ya kelele nyingi za wananchi. Mwezi mmoja kabla ya utekaji huo, mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa amefikishwa kortini kwa posti iliyotoka kwa akaunti isiyokuwa na jina lake rasmi.

Kisha Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, na kufikia asubuhi alikuwa amekufa baada ya kuzuiliwa katika Kituo Kikuu cha Polisi. Sababu ya kumkamata ilikuwa ni machapisho ya mtandaoni kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Polisi walisema alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Wanapatholojia walioichunguza maiti walipata majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Maafisa kadhaa wa polisi walishtakiwa kwa mauaji.

Sasa mwambie kijana wa Umoja ama wa Kisauni, anayeandika kuhusu pesa za hospitali ya kaunti zilizopotea, kwamba "mtu mkweli hajifichi". Atakucheka. Wanaotaka majina yetu yote yawekwe mezani hawajatueleza watatulinda vipi yakishakuwa hapo.

Na si siasa tu. Ndugu msomaji, fikiria mtu anayetaka kuuliza kuhusu dawa za Virusi vya Ukimwi na hataki shangazi yake aone. Fikiria kijana aliyezama kwenye kamari, amekula karo ya semista nzima, na anatafuta mahali pa kusema, "Nimefika mwisho." Fikiria karani anayeona risiti feki zikipitishwa ofisini, na ana watoto 3 wa kulisha. Hawa wote hawafichi uhalifu. Wanafichia maisha yao kwa muda ili wapate msaada ama waseme ukweli. Ukiwalazimisha kutaja jina, hawatataja. Watanyamaza. Na hasara itakuwa yetu sote.

Upande wa pili tunaujua

Hata hivyo tusijifanye hatuoni uchafu. Binti akitoa maoni yake kuhusu siasa ama hata mpira, dakika chache baadaye zinatokea akaunti zenye picha za katuni, zilizofunguliwa juzi, zikimtukana mwili wake na kumtishia kumbaka. Siku hizi kuna programu za akili bandia zinazoweza kumvua mtu nguo kwenye picha, na anayesambaza huwa hana jina. Wasichana wengi wamefunga akaunti wakanyamaza. Huo pia ni unyamazishaji, hata kama hakuna karao aliyebisha mlango.

Kisha kuna biashara. Mwaka wa 2021 watafiti wa shirika la Mozilla, Odanga Madung na Brian Obilo, walifichua jinsi hashtegi za kuwachafua majaji na wanaharakati wakati wa sarakasi ya BBI zilivyokuwa zikiendeshwa kwa malipo. Washiriki walikuwa wakilipwa kati ya dola 10 na 15 hivi. Kazi yenyewe ni kusukuma ujumbe ule ule kwa akaunti nyingi hadi uonekane kama ni sauti ya Wakenya. Huko jina bandia halimlindi mnyonge. Linamkinga tajiri anayelipa.

Kwa hivyo anayesema kuna tatizo amesema kweli. Tunatofautiana naye kwenye tiba. Hebu fungua lile grupu la WhatsApp la familia ama la kijiji chenu wakati wa uchaguzi. Kila mtu ana jina lake kamili, nambari yake, na picha amevalia suti ya kanisani. Je, kuna adabu? Maneno ya kuchochea kabila moja dhidi ya jingine hutumwa humo na wajomba zetu, tena kwa jina lao la ubatizo. Mtu hana aibu kwa sababu anaandika mbele ya mbogi inayompigia makofi. Jina halibadilishi hilo.

Korea Kusini walijaribu, wakarudi nyuma

Tusibishane kwa hisia wakati kuna nchi iliyofanya jaribio lenyewe. Mwaka wa 2007 Korea Kusini ilianzisha sheria ya majina halisi. Tovuti kubwa zililazimika kuthibitisha utambulisho wa mtu kabla hajakomenti, na kufikia 2009 sheria ilizifikia tovuti zenye wageni zaidi ya 100,000 kwa siku. Lengo lilikuwa lile lile tunaloambiwa hapa: kupunguza matusi.

Matokeo? Utafiti wa tume ya mawasiliano ya huko ulionyesha kwamba maoni ya matusi yalipungua kwa asilimia 0.9 tu. Wakati huo huo tovuti zilikuwa zimegeuka maghala ya data za raia. Julai 2011 wadukuzi waliingia kwenye mitandao ya Nate na Cyworld na kuondoka na taarifa za watumiaji milioni 35 hivi, katika nchi yenye watu takriban milioni 50. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba, kwa kauli moja, iliifuta sheria hiyo kwa kuwa ilikandamiza uhuru wa kujieleza bila faida ya kuonekana.

Kampuni za teknolojia nazo zilijifunza kwa njia ngumu. Google+ ilianza mwaka wa 2011 kwa kulazimisha majina halisi, ikaachana na sharti hilo mwaka wa 2014. Mwaka huo huo Facebook iliomba radhi baada ya kufunga akaunti za watu waliokuwa wakitumia majina wanayojulikana nayo mitaani badala ya yale ya kwenye vyeti.

Jirani zetu wana somo lao pia. Tanzania, Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016. Polisi walitaka awape majina ya watu walioandika kuhusu ufisadi katika jukwaa lake kwa lakabu. Alikataa. Alirudi kortini mara nyingi kwa miaka, na Aprili 2020 akapatikana na hatia ya kuzuia uchunguzi na kutozwa faini ya shilingi milioni 3 za Tanzania. Kamati ya Kuwalinda Wanahabari, CPJ, ilimtuza mwaka wa 2019. Jiulize: walioandika yale mambo wangeandika kama wangejua jina lao liko umbali wa simu moja tu kutoka kituo cha polisi?

Tofautisha usiri na usiri

Shida ya mjadala huu ni kwamba tunachanganya mambo matatu na kuyapa jina moja.

La kwanza ni kufichika mbele ya umati. Wasomaji hawajui wewe ni nani, basi. Hili ndilo la "ficha ID", na kwa maoni yetu ni haki ya kila mtu.

La pili ni kufichika mbele ya dola. Hapa usidanganyike, bana: huna usiri mkubwa. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho, na mwaka wa 2022 tulipigishwa foleni kuthibitisha usajili huo upya. Bando unanunua kwa M-Pesa yenye jina lako. Picha uliyopiga inaweza kuwa imebeba mahali na saa ndani yake. Kwa hivyo mwanasiasa anayesema kwamba polisi hawawezi kuwapata wahalifu bila majina halisi mitandaoni, anakuuzia uoga. Mara nyingi wanaweza. Swali ni kama wanafuata sheria wanapofanya hivyo.

La tatu ni kufichika mbele ya dhamiri: kufungua akaunti leo, kurusha mawe usiku, na kesho kuifuta ukafungua nyingine. Hapo ndipo uchafu mwingi unapotoka. Na tiba yake haihitaji kitambulisho. Inahitaji jina linalodumu.

Tunarudi kwa malenga wetu. Mtu aliyejenga lakabu kwa miaka 5, ambaye watu wanamjua kwa hoja zake kuhusu makadirio ya bajeti ama kwa ucheshi wake kuhusu Gor na Ingwe, ana kitu cha kupoteza. Akidanganya, watamkumbusha. Akikosea, atasahihisha, maana kesho atarudi na jina lile lile. Hujui kitambulisho chake lakini unajua tabia yake. Kwa mjadala, hiyo inatosha. Akaunti ya siku mbili isiyo na historia ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho la shaka, iwe imeandikwa "Mzalendo254" ama jina la mtu kamili na picha ya kuazima.

Sheria tunazo, tunataka zitumike sawasawa

Usisikize anayekwambia mtandao ni pori. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, katika kifungu cha 27, inamtoza anayemnyanyasa mwenzake mtandaoni faini ya hadi Sh20 milioni, ama kifungo cha hadi miaka 10, ama vyote viwili. Haijalishi ametumia jina gani. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 pia, na ina meno: mwaka wa 2023 kilabu kimoja cha Nairobi kilipigwa faini ya Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake.

Tatizo ni kwamba binti aliyetishiwa kubakwa akienda kituoni huulizwa, "Kwani ulikuwa umeposti nini?" Lakini mkubwa akichekwa, gari lisilo na nambari za usajili hufika usiku huo huo. Na maneno mapana kwenye sheria ndiyo mwanya. Mahakama zetu zimeyakataa zaidi ya mara moja. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichoharamisha kutuma ujumbe wa "kuudhi", kwa sababu hakuna aliyejua neno hilo linaishia wapi. Februari 2017 Mahakama Kuu ikaondoa kosa la jinai la kuharibia mtu jina. Oktoba 2025, mageuzi ya sheria ya uhalifu wa mtandao yalipotiwa saini, korti ilisimamisha baadhi ya vipengele vyake siku chache baadaye.

Kwa hivyo rai yetu kwa wenye mamlaka ni fupi. Jina la mwandishi litolewe kwa amri ya korti pekee, kwa kosa linalojulikana, na mhusika apate nafasi ya kujitetea. Simu ya afisa kwa kampuni isitoshe. Na vitisho dhidi ya mtu wa kawaida vichunguzwe kwa kasi ile ile ya kejeli dhidi ya mheshimiwa.

Na wewe je?

Maneno ya serikali tumeyasema. Sasa tuongee mimi na wewe.

Kabla hujaficha jina, jiulize unamficha nani, na kutoka kwa nani. Ukiwa unajikinga dhidi ya mwenye nguvu kuliko wewe, ficha, na ufiche vizuri. Usitumie jina la akaunti unalotumia kwingine, usitumie picha ambayo tayari iko Instagram, usitaje siku, chumba na jina la supavaiza katika posti moja. Wengi hawakudukuliwa, walijianika wenyewe, ama rafiki alipiga skrinshoti. Na kama una ushahidi mzito wa ufisadi, usiurushe grupuni. Tafuta mwanahabari ama wakili kwanza.

Lakini kama unaficha jina ili umrukie mtu aliye chini yako, mwanafunzi mwenzako, ex wako, msichana uliyemkosa, basi wewe si mwanaharakati. Wewe ni mwoga tu mwenye bando. Kipimo chepesi ni hiki: ungeweza kumwambia maneno hayo uso kwa uso, mkiwa mmeketi kiti kimoja cha matatu? Kama huwezi, futa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mtandaoni ulimi huacha skrinshoti.

Kwa admini wa magrupu: uaminifu uliopewa ni mkubwa. Mtu aliyekutumia hadithi yake inboksi amekukabidhi maisha yake. Usiipeleke kwa mashoga zako kama umbea. Futa ujumbe ukishaichapisha. Wapunguzie kasi wageni waliojiunga leo, na usingoje mtu aumie ndipo uondoe matusi.

Kwa msomaji anayependa kuuliza "mbona unajificha?", uliza swali bora. Anachosema ni kweli? Ana ushahidi gani? Nani atafaidika nikiamini? Maswali hayo yanamfaa mwenye lakabu, na yanamfaa zaidi mbunge mwenye alama ya buluu kando ya jina lake. Uongo mkubwa zaidi uliowahi kuambiwa nchi hii haukutoka kwa akaunti bandia. Ulisomwa jukwaani, kwa kipaza sauti, na watu ambao majina yao tunayajua vizuri sana.

Basi siku nyingine ukiona "Admin, ficha ID", usianze kumchimba ni nani. Msome. Yaliyomo yakiwa ni kilio, msaidie. Yakiwa ni hoja, jibu hoja. Yakiwa ni sumu, ripoti na upite. Jina lake si lako kudai. Lako ni kuamua utamjibu kama mtu ama kama mnyama, na hapo hakuna admini anayeweza kukuficha.